Asili ni ipi? Shajara ya siku 42 za kujiandaa na uwezekano na takwimu za GRE

Siku ya 1

Nimefanya jaribio la kwanza la mazoezi, mojawapo ya yale mawili ya bure yanayotolewa na ETS wenyewe, watungaji wa GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Saa mezani, simu nimeizima, mlango nimeufunga. Upande wa hesabu nimepata 154 kwenye kipimo kinachoanzia 130 na kuishia 170. Ninahitaji angalau 162, na nina majuma sita.

Nimekosa maswali 11 kati ya 27. Nilipoyapanga kwa mada nikapata picha ambayo sikuitarajia: jiometri moja, aljebra matatu, na saba yote yametoka kwenye uwezekano, kuhesabu njia, na takwimu. Mada hizo nilizisoma, na fomula zake nikiamshwa usiku nazitaja. Kwa hiyo mradi huu sio wa kujifunza upya, ni wa kutafuta ninapopotelea. Nitaandika humu kila ninapoona jambo, hata kama siku nyingine zitapita kimya.

Kwa atakayesoma akiwa hajui mtihani wenyewe: tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa. Hesabu ina sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Ukigawanya, kila swali lina dakika moja na sekunde 45 hivi. Ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi. Kikokotoo kipo kwenye skrini. Jibu baya halipunguzi alama, basi usiache swali tupu.

Siku ya 2

Nimefungua daftari la makosa, kila ukurasa safu tatu: swali, nilichofanya, nilipopotelea. Nimejiwekea sharti moja kwenye safu ya tatu: ni marufuku kuandika "nilikosea hesabu" mpaka nionyeshe mstari wenyewe. Maneno hayo huficha kila kitu.

Siku ya 5

Dadu mbili zinatupwa. Uwezekano kwamba jumla ni 10 au zaidi ni upi?

Chini ya saa ya ukutani niliandika: jumla zinaanzia 2 hadi 12, ziko 11, ninazotaka ni 10, 11 na 12, ziko tatu, jibu 3/11. Sikushtuka hata kidogo. Jibu sahihi ni 6/36, yaani 1/6.

Jioni nikampigia dada yangu mkubwa, ambaye alisomea hisabati, nikamsomea swali na jibu langu.

"Dada, naelewa kwamba ni 6/36. Ninachotaka kujua ni kwa nini mkono wangu uliandika 11."

"Mdogo wangu, uliona majina kumi na moja ukadhani ni matokeo kumi na moja. Jumla ya 7 ina njia ngapi?"

"Sita."

"Na ya 12?"

"Moja."

"Sasa umeziwekaje kwenye mizani moja?"

Akanieleza kwamba mwaka 1754 D'Alembert, mwanahisabati wa Ufaransa ambaye jina lake halijafutika hadi leo, aliandika kwenye Encyclopédie kuhusu kutupa sarafu mara mbili ukitafuta kichwa. Alisema: kichwa kikija mara ya kwanza mchezo umekwisha, kwa hiyo matokeo ni matatu, na mawili kati ya hayo yana kichwa, basi uwezekano ni 2/3. Jibu ni 3/4. Yale "matatu" yake hayana uzito sawa, kwa sababu moja limebeba mawili ndani yake. Nililala nikiwa na nguvu zaidi. Kosa hili ni la zamani, nalo lina dawa: kabla ya kuhesabu, hakikisha unavyovihesabu vina uzito sawa.

Siku ya 8

Mfuko una mipira 5 myekundu na 3 myeupe. Unatoa miwili bila kurudisha. Uwezekano wa kupata mmoja wa kila rangi? Niliandika 5/8 × 3/7 = 15/56 nikasonga mbele. Hiyo ni nyekundu kwanza kisha nyeupe tu. Nyeupe kwanza kisha nyekundu ni 15/56 nyingine. Jibu 30/56, sawa na 15/28.

Mambo mengine ya leo hayana la kusimulia.

Siku ya 11

Nimekaa na daftari bila kutatua swali lolote, nikisoma safu ya tatu tu kutoka mwanzo. Makosa 22. Mawili ndiyo ya hesabu tupu, ya kuzidisha vibaya. Kumi na tatu yana ugonjwa mmoja ambao nilikuwa nimeuandika kwa maneno kumi na tatu tofauti: niligawanya kwa namba isiyo yake.

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Nilikuwa nashughulika na kiasi, kwa sababu kiasi ndicho swali linachokitaja kwa sauti: "jumla ni 10 au zaidi", "angalau wanawake wawili". Asili hukaa kimya, mara nyingi imejificha kwenye neno moja: *kati ya*, *ikiwa*, *miongoni mwa*, *bila kurudisha*.

Kuanzia leo, kila swali la uwezekano au la asilimia, mstari wa kwanza kwenye karatasi ya rafu ni huu: Asili: na namba au maelezo yake. Kiasi baadaye. Nimejaribu kwa maswali sita jioni hii na inachukua sekunde kama kumi kwa kila moja. Nadhani zinalipa.

Siku ya 12

Zoezi la kwanza la mstari huo. Dadu mbili, tena.

(a) Dadu ya kwanza imeonyesha 6. Uwezekano kwamba jumla ni 10 au zaidi?
(b) Angalau dadu moja imeonyesha 6. Uwezekano kwamba jumla ni 10 au zaidi?

Ukisoma haraka ni swali moja. Ukiandika asili unaona ni mawili. Kwenye (a) asili ni 6, kwa sababu dadu ya pili ndiyo pekee iliyobaki, zinazofaa ni 4, 5, 6, jibu 1/2. Kwenye (b) asili ni matokeo yote yenye 6 mahali fulani. Sita za safu, sita za nguzo, toa ile (6,6) iliyohesabiwa mara mbili: 11. Zinazofikisha 10 ni (4,6), (6,4), (5,6), (6,5), (6,6). Jibu 5/11.

Nimelichora gridi la matokeo yote 36 ya dadu mbili na kulibandika ukutani. Nalipenda. Linaonyesha kwa macho jinsi neno "ikiwa" linavyokata sehemu ya gridi na kuitupa.

Siku ya 14

Kuhesabu njia. Hapa asili ilikuwa sawa na bado nikakosa, kwa hiyo nimepata aina ya pili ya kosa.

Wanaume 6 na wanawake 4; kamati ya watu 3 inachaguliwa kwa bahati nasibu. Uwezekano wa kuwa na angalau wanawake wawili?

Asili: kuchagua 3 kati ya 10, ni 120. Sawa. Kiasi: nikasema, nichague wanawake wawili kwanza, njia 6; halafu mtu wa tatu ni yeyote kati ya 8 waliobaki; 6 × 8 = 48. Jibu 48/120. Linavutia, na wanaotunga mtihani wanajua linavutia, kwa hiyo utalikuta kwenye orodha ya majibu likikusubiri.

Ukweli ni 40. Wanawake wawili hasa na mwanaume mmoja: 6 × 6 = 36. Wanawake watatu: 4. Sasa zile 8 za ziada zimetoka wapi? Nilikataa kulala kabla ya kujua. Chukua kamati ya wanawake A, B na C. Kwa njia yangu nimeihesabu nikianza na A na B kisha C. Tena nikianza na A na C kisha B. Tena nikianza na B na C kisha A. Kamati moja, mara tatu. Kamati za namna hiyo ni nne, kila moja imehesabiwa mara mbili za ziada: 4 × 2 = 8. Hesabu imefungana.

Mtu akiniuliza ni saa gani mojawapo ya mradi huu niliyofaidi zaidi, nitasema ni hii. Kujua jibu sahihi kulichukua dakika mbili. Kujua jibu langu baya lilitengenezwaje kulichukua saa nzima, na tangu hapo neno "angalau" likikutana na "halafu yeyote kati ya waliobaki" mwili wangu unasisimka.

Siku ya 17

"Angalau moja" ina njia ya mkato: tafuta uwezekano wa kutopata hata moja, utoe kwenye 1. Dada ananikumbusha kwamba hesabu ya namna hii iko karibu na chanzo cha somo lenyewe. Mwaka 1654 wanahisabati Pascal na Fermat waliandikiana barua kuhusu maswali ya kamari, na mmoja wa waliomletea Pascal maswali hayo ni mcheza kamari, Chevalier de Méré. Kupata angalau 6 moja ukitupa dadu mara 4: 1 − (5/6)⁴, kama asilimia 51.8. Kupata angalau jozi moja ya 6 ukitupa dadu mbili mara 24: 1 − (35/36)²⁴, kama asilimia 49.1. Mtu anayewaza kwamba 4 kwa 6 ni sawa na 24 kwa 36 atadhani dau ni lile lile. Dau la kwanza linalipa, la pili linakula.

Siku ya 20

Maswali 20 ya mchanganyiko, dakika 35. Nimekosa 6. Manne ni ya takwimu, ambazo sijazigusa tangu nianze. Kesho ninahamia huko.

Siku ya 21

Jedwali: idadi ya makosa kwenye kurasa 25. Makosa 0 kurasa 9; makosa 1 kurasa 6; 2 kurasa 5; 3 kurasa 3; 4 kurasa 2. Namba ya kati ni ipi?

Nilijibu 2 kwa sababu 2 imekaa katikati ya 0, 1, 2, 3, 4. Asili tena! Vinavyopangwa foleni ni kurasa 25, wala sio namba tano za kwenye safu. Ukurasa wa 13 ndio wa katikati; tisa za mwanzo ni 0, wa 10 hadi wa 15 ni 1. Namba ya kati ni 1. Wastani ni 33/25, yaani 1.32.

Pia hili, ambalo nililipata ila kwa kusitasita: kundi la watu 20 lina wastani wa alama 70, kundi la watu 30 lina wastani wa 80. Wastani wa wote ni 76. Sio 75. Kundi kubwa huvuta upande wake.

Siku ya 24

Mkengeuko sanifu. Nilikuwa nimejiandaa kukariri fomula yake na kuikokotoa kwa kasi, na nimegundua mtihani karibu haujali fomula. Unajali kama unaelewa kwamba kipimo hiki kinasema namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Ukiongeza 7 kwa kila namba, haubadiliki. Ukizidisha kila namba kwa 3, nao unazidishwa kwa 3. Linganisha (1, 1, 5, 9, 9) na (1, 5, 5, 5, 9): wastani wote 5, kutoka ndogo hadi kubwa wote 8, ila kundi la kwanza limesukumia namba zake pembeni, kwa hiyo mkengeuko wake ni mkubwa. Sikugusa kikokotoo.

Kwenye mgawanyo wa kawaida, ule wa mchoro wa kengele, zipo namba za kubeba kichwani: kila upande wa wastani ni asilimia 34, kisha 14, kisha 2. Wastani ukiwa 60 na mkengeuko 8, walio kati ya 52 na 76 ni 34 + 34 + 14, asilimia 82. Anayezijua hizo amemaliza. Majedwali marefu ya chuo hayahitajiki.

Siku ya 28

Leo nimetoka kidogo nje ya mtihani, nikarudi na kitu cha mtihani. Nilikuwa nafanya maswali ya majedwali ya asilimia, yale yenye vipande viwili vya grafu na maswali matatu chini yake, na nikawa nachoka kuuliza "asilimia ya nini". Nikasoma kisa cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Mwaka 1973, kwenye maombi ya masomo ya juu, wanaume waliokubaliwa walikuwa kama asilimia 44 na wanawake kama asilimia 35. Anayetazama hapo tu anasema wanawake wamebaguliwa. Mwaka 1975 Bickel, Hammel na O'Connell walichapisha uchambuzi kwenye jarida la Science: walipotazama idara moja moja, picha ile ya upendeleo mkubwa kwa wanaume haikuonekana. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara zinazokubali wachache, na wanaume wengi walikuwa wameomba zile zinazokubali wengi. Asilimia ya jumla ni wastani wenye uzani, na uzani wa makundi mawili haukuwa sawa. Ni lile swali la 76 na 75, likiwa limevaa nguo za watu halisi na maisha yao.

Neno *asilimia* lenyewe limebeba *asili* ndani yake, nami nimelitumia miaka yote bila kulisikia. Nimeandika pembeni ya ukurasa: kila asilimia ina mia yake, ulizia ni mia ya nani.

Siku ya 31

Mashine ya kwanza hutengeneza asilimia 60 ya bidhaa, na asilimia 2 ya za kwake ni mbovu. Ya pili hutengeneza asilimia 40, na asilimia 5 ya za kwake ni mbovu. Bidhaa moja imechukuliwa, ni mbovu. Uwezekano kwamba imetoka mashine ya pili?

Zamani ningeandika fomula ya Bayes, ile ya uwezekano wenye "ikiwa", na kupotea kwenye alama zake. Sasa nachukua bidhaa 1,000. Ya kwanza 600, mbovu 12. Ya pili 400, mbovu 20. Asili: mbovu zote, 32. Kiasi: 20. Jibu 5/8. Sekunde 40, na ninaweza kumweleza mtoto.

Siku ya 33

Jaribio la pili la ETS. 160. Nimekosa saba, matatu ya upande huu. Nimefurahi, na nimeyakamata matatu hayo kabla furaha haijapoa.

Moja ni la kulinganisha viasi viwili (hapa kiasi ni namba tu ya kulinganishwa, sio ya juu ya sehemu). Uwezekano wa tukio A ni 0.6, wa tukio B ni 0.7. Kiasi cha kwanza: uwezekano wa yote mawili kutokea. Kiasi cha pili: 0.42. Nilizidisha nikasema ni sawa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba A na B ni matukio huru, yaani kwamba moja haliathiri jingine! Jumla ya 0.6 na 0.7 inapita 1 kwa 0.3, kwa hiyo yanapishana kwa angalau 0.3, na hayawezi kupishana zaidi ya 0.6. Popote kati ya hapo panawezekana. Jibu ni "haiwezi kuamuliwa". Nimeliweka kwenye aina ya tatu ya makosa: kusoma neno ambalo halipo.

Siku ya 36

Saa. Maswali ya grafu yananila dakika tatu kwa sababu nasoma grafu yote kabla ya swali. Nimegeuza: kichwa cha grafu, vipimo vya mhimili, kisha swali, kisha kurudi kwenye grafu na jicho lenye shabaha.

Siku ya 40

Kosa la 58, na limeniacha njiani. Watu sita wanakaa kuzunguka meza ya duara kwa bahati nasibu. Uwezekano kwamba wawili fulani hawakai jirani? Nimepata 72/720, sawa na 1/10, na moyo unakataa. Haiwezekani iwe nadra hivyo. Sioni kosa liko wapi. Nimefunga daftari, kesho ni kupumzika.

Hesabu ya daftari lote: makosa 58. Ya asili 30. Ya kuhesabu kitu zaidi ya mara moja 12. Ya kusoma 11. Ya hesabu tupu 4. Hili la leo bado halina kundi.

Siku ya 42

Nimefanya mtihani. Maswali yenyewe haturuhusiwi kuyasimulia, ila karatasi yangu ya rafu ilikuwa imejaa neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa. Alama za awali hutokea kwenye skrini ukimaliza: 163.

Dada nimempigia kwanza. Kisha nimefungua ukurasa wa kosa la 58. Nimechora meza, viti sita. Nikihesabu duara bila kujali kiti kipi ni kipi, mipangilio ni 120. Wawili kukaa jirani ni 48. Wasiokaa jirani ni 72. Nikihesabu viti vyenye namba, mipangilio ni 720, jirani 288, wasio jirani 432. Juzi nilichukua kiasi cha meza moja nikakigawanya kwa asili ya meza nyingine. 72/120 ni 3/5, na 432/720 ni 3/5. Halafu nikaona njia fupi kuliko zote: mkalishe mmoja popote. Mwenzake amebakiwa na viti vitano, viwili viko pembeni mwa wa kwanza, vitatu viko mbali. Asili 5, kiasi 3.